Maumivu ya Kongosho Sugu Hayatoki Mahali Pamoja

Kwa muda mrefu maumivu ya uvimbe sugu wa kongosho (kuvimba kwa muda mrefu kwa kiungo kinachotoa majimaji ya kusaga chakula) yalielezwa kwa sababu moja: mrija mkuu huzibwa na vijiwe au hubanwa na makovu, majimaji ya kusaga chakula hukosa njia, shinikizo hupanda ndani ya kongosho, na mgonjwa huumia. Maelezo hayo yana ukweli, kwani wapo wanaopata nafuu mrija unapozibuliwa, na utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba waliopasuliwa mapema waliumwa kidogo kuliko walioanzia matibabu ya endoskopi, yaani ya mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni.

Hata hivyo, shinikizo peke yake halitoshi. Wapo wagonjwa ambao mirija yao imetanuka na kujaa vijiwe, nao hawaumwi. Wapo wengine ambao picha za CT zinaonyesha madhara machache, ilhali usiku hawapati usingizi. Hawa wa pili ndio ninaowahurumia zaidi, kwa sababu mara nyingi hushukiwa kuwa wanatia chumvi, na kushukiwa huko naona ni dhuluma.

Sehemu kubwa ya jibu imo katika neva. Neva za kongosho lenye uvimbe wa muda mrefu hunenepa, na seli za kinga huzizingira na kuzichokoza. Zikipeleka taarifa za maumivu bila kukoma, uti wa mgongo na ubongo navyo hubadilika, hata kichocheo kidogo, ambacho mtu mzima wa afya asingekihisi, kikapokewa kama maumivu makali. Ndiyo maana wapo wanaoendelea kuumwa hata baada ya kongosho lote kuondolewa, na ndiyo maana pregabalini, ambayo ni dawa ya maumivu ya neva, huwapunguzia baadhi yao makali.

Kuna pia vyanzo vinavyoweza kutafutwa na kutibiwa kimoja kimoja: mfuko wa majimaji uliojitokeza kando ya kongosho, kubanwa kwa mrija wa nyongo au kwa mwanzo wa utumbo mdogo, na gesi inayotokana na chakula kisichosagwa kwa upungufu wa vimeng'enya, yaani kemikali za mwili zinazosaga chakula. Pombe na sigara huharakisha uharibifu wenyewe.

Dawa za jamii ya morfini nazo zahitaji kuangaliwa kwa makini. Hutuliza, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu hudumaza utumbo, huleta maumivu mapya ya tumbo, na kwa baadhi ya watu huongeza wepesi wa mwili kuhisi maumivu, kiasi kwamba daktari anaweza kupandisha dozi kwa ajili ya maumivu yaliyoletwa na dawa yenyewe.