Niliinuka Ubeti wa Tatu

Desemba 1997 iliangukia Shaabani. Mvua za El Nino zilikuwa bado zinamwagika, na Ng'ambo, mtaa wa mjini Zanzibar, watu walikimbizana na harusi kabla ya mfungo kuingia. Usiku wa harusi mojawapo nilikuwa na noti ya shilingi 500 niliyoikunja mara mbili kiganjani. Kikundi cha taarabu kilianza na bashirafu, muziki mtupu usio na neno hata moja, ambao wageni huutumia kutafuta viti na kusalimiana. Mimi nilikuwa nangoja wimbo wa mkeka.

Wimbo huo nilikuwa nimeuhifadhi wote. Kanda ilikuwa nyumbani, na maneno nimeyaandika kwenye daftari, mstari baada ya mstari, huku nikiirudisha kanda kwa kalamu ili betri zisiishe. Ubeti wa kwanza ulikwenda hivi:

Mkeka nimeusuka, kwa ukindu wa thamani
Kwa rangi ukapendeka, nikautia chumbani
Mwenzangu umeushika, waupeleka kwa nani?

Na kiitikio:

Mkeka una mwenyewe, usikae bila hodi.

Ubeti wa pili uliendelea kumsifu msusi. Wa tatu ndio ulionitia mashakani:

Wako umeshachakaa, watoka nyuzi pindoni
Kuushona wakataa, umeutupa uani
Leo wataka kukaa, kwenye wangu wa chumbani.

Kuandika wimbo wa taarabu kutoka kwenye kanda si kazi ya kusikiliza tu. Mwimbaji huvuta irabu, hutia "ewe" na "aah" pasipohitajika, huvunja neno katikati ili apumue, na fidla ikipanda juu silabi nzima humezwa. Dawa yake ni kuhesabu. Mstari una vipande viwili, kila kipande mizani 8. Ukipata 9 au 10, umeandika mapambo ya mwimbaji yasiyo ya mtunzi. Ukipata 7, kuna kitu umekikosa. Kisha unatazama vina: hapa kina cha kati kilikuwa "ka" katika ubeti wa kwanza na "aa" katika wa tatu, na cha mwisho "ni" beti zote. Neno ulilolisikia likikosa kina, si neno lenyewe, hata kama linaleta maana nzuri.

Daftarini kwangu mstari wa kwanza wa ubeti wa tatu ulisomeka "Wako umechakaa". Hesabu: wa, ko, u, me, cha, ka, a. Saba. Niliona, nikaacha, kwa kuwa maana ilikuwepo. Kilichokosekana ni "sha", na "sha" ndiyo iliyobeba kisu. Umechakaa ni hali ya kitu. Umeshachakaa maana yake habari hiyo imekwisha zamani, kila mtu anaijua, na wewe unajua kwamba wanaijua.

Mimi niliusikia wimbo kama mjukuu wa msusi. Bibi yangu alisuka mikeka maisha yake yote, na kila neno la wimbo ule nililiona kwa macho: ukindu, yaani majani ya mkindu, umeanikwa, umechemshwa kwenye sufuria za rangi, umechanwa, umesukwa ukili, ukanda mrefu unaozungushwa kama kamba, kisha ukili unaunganishwa kwa ukili kwa sindano mpaka upana utimie, na mwisho pindo. Mtunzi alikuwa anaijua kazi, hilo sikukosea. Mkeka mzuri hauanzi kufa katikati. Huanza kwenye mshono na pindoni, ukili wenyewe ukiwa bado mzima, na mtu mwenye sindano na subira huurudisha ukatumika miaka mingine. Kwa hiyo "kuushona wakataa" haikuwekwa kujaza mizani. Kilichotupwa uani kilikuwa kinatengenezeka. Nikafikiria mkeka wa bibi uliokuwa umekunjwa nyuma ya kabati, pindo limefumuka, hakuna aliyeushona tangu afariki. Kwangu wimbo ulikuwa wa kuwakemea wajukuu wavivu.

Basi mwimbaji alipofika mstari wa mwisho wa ubeti wa tatu nikainuka kwenda kumtunza kwa ile noti yangu.

Kutunza kuna mambo yanayotazamwa, na kiasi cha pesa ndicho cha mwisho. Linalotazamwa kwanza ni mahali ulipoinukia. Ukiinuka ala zinapiga zenyewe baina ya ubeti na ubeti, unamsifu mpigaji au miguu inakuwasha. Ukiinuka kwenye kiitikio, wimbo umeupenda, lakini umejichanganya na wengine kumi walioinuka nawe, na hakuna awezaye kusema nani kamlenga nani. Ukiinuka peke yako kwenye mstari mmoja wa ubeti, mstari huo umeununua. Ni wako, na shingo zote zinageuka kumtafuta uliyemletea. La pili ni njia uliyopita kutoka kitini hadi kwa mwimbaji. La tatu ni macho: ulimtazama nani, na ulipogeuka kurudi ulimtazama tena au la. Noti yenyewe haichomolewi ukishafika mbele. Inanyanyuliwa juu tangu unapoondoka, kati ya vidole viwili, ili hata wa nyuma kabisa waione.

Haya yote mimi niliyajua nusunusu, kama mtu ajuavyo adabu za nyumba ya mwenzake. Nikanyanyua noti. Turubai lilikuwa linavuja upande wa kushoto na maji yametuama chini ya viti, nikashika njia ya kulia. Mwimbaji hodari akiona noti inakuja haachi mstari. Huurudia mpaka mkono umfikie. Aliurudia mara nne. "Leo wataka kukaa, kwenye wangu wa chumbani", na mimi nikijipenyeza kati ya magoti ya watu, na mara ya tatu nikasimama kabisa kwa sababu njia ilizibwa na mtoto aliyelala juu ya kiti. Niliposimama nilikuwa mbele ya mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikamtabasamia, kama mtu amtabasamiavyo jirani.

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia tena maishani. Nilidhani ni vyangu.

Mama huyo alikuwa ametoka eda miezi michache nyuma. Mtaa ulikuwa unasema kwamba mume aliyeachana naye alichoshwa na kutojaliwa, na kwamba sasa jicho la mama huyo liko kwa mume wa mtu. Mume huyo wa mtu alikuwa mume wa mama yangu mdogo, niliyekuja naye, niliyekaa naye kiti kwa kiti, na ambaye kwa kila aliyekuwa chini ya lile turubai ndiye aliyenipa ile noti na kunituma.

Mama wa nyumba ya tatu hakusogea. Aliungoja ubeti uishe, akaziacha ala zizunguke, akaingoja sauti ya waitikiaji. "Mkeka una mwenyewe" ilipoanza ndipo akainuka, noti ya 1,000 juu, akapita polepole mbele ya mama mdogo, na kwenye neno "mwenyewe" akaupiga kifua chake kwa kiganja cha pili. Mara moja tu. Akatunza, akarudi, akaketi.

Hapo nikaona wimbo unageuka mbele ya macho yangu bila kubadilika herufi. Kwenye ubeti wa tatu yeye alikuwa mwizi wa mkeka. Kwenye kiitikio akawa mwenye mkeka, na anayekaa bila hodi ni mwingine. Wapo waliofahamu kwamba anamsema mke mpya wa mume wake wa zamani, aliyekuwa amekaa safu ya mbele. Wapo waliofahamu kwamba anamwambia mama mdogo waziwazi kuwa mume huyo ni wake. Kila upande ulikuwa na ushahidi wa kutosha.

Usiku, tumerudi, mama mdogo hakunigombeza. Alivua viatu vilivyolowa, akaniambia nilete daftari. Akaufungua ubeti wa tatu.

"Tia kidole kwenye neno mkeka."

Nikatafuta. Halikuwemo. Limo katika ubeti wa kwanza, limo katika kiitikio, na katika ubeti wa tatu mstari hata mmoja haulitaji.

"Sasa nionyeshe mahali unapojua kwamba ni mkeka unaosemwa, si mtu."

Ilinichukua muda, na nimekuwa nikiurudia mtihani huo kwa kila wimbo tangu siku ile. Kiswahili kinafumba kwa ngeli. Mkeka na mume hawako ngeli moja, lakini vimilikishi vyake vinafanana: mkeka wangu, mume wangu, mkeka wako, mume wako. Kinachofichua ni kitenzi. Mkeka umechakaa, mume amechakaa. Kwa hiyo ile "u" ya "umeshachakaa", ile ya "kuushona" na ile ya "umeutupa" ndizo nguo za fumbo. Zikivuliwa ukaandika "amechakaa" na "umemtupa", hakuna fumbo, kuna ugomvi. Mtunzi alizishika mistari miwili ya kwanza, akaziachia wa tatu. "Leo wataka kukaa, kwenye wangu wa chumbani": hakuna jina la kitu, hakuna kitenzi kinachokubaliana nacho. Kilichobaki ni "wangu", na "wangu" inamkubali mkeka, mume, mtoto, mwembe, yeyote. Pazia ni jepesi kuliko mahali pote katika wimbo, na ndipo nilipoinukia.

Angechagua chungu, ingekuwa "changu cha jikoni", na mume asingeingia humo kirahisi. Angechagua jamvi, ingekuwa "langu", na mambo yangeharibika zaidi, kwa kuwa jamvi ni la miyaa, halina rangi, hutandikwa msibani na kwenye shughuli akakaa kila apitaye. Ukimwita mwanamke jamvi la wageni umemtukana. Mkeka wa ukindu wa rangi, tena wa chumbani, una heshima yake. Kwa hiyo ukitaka kujua fumbo linakwenda wapi, ukitazame kwanza kitu chenyewe kama fundi wake: kinatengenezwaje, kinawekwa wapi, nani anakigusa, kinaharibikia wapi. Wengi hurukia kwa nani kabla hawajamaliza kwa nini mkeka.

Ila nami siwezi kuapa kwamba mtunzi alikusudia mume. Fundi baiskeli wa pale mtaani alikuwa na yake: uchaguzi wa 1995 ulikuwa bado kidonda Zanzibar, na yeye mkeka aliuona ni nchi, pindo linalofumuka ni serikali, na "waupeleka kwa nani" haikuhitaji kufafanuliwa. Mistari ilimkubalia vizuri tu, isipokuwa "chumbani", ambayo kila akibanwa aliiruka.

Nyimbo za zamani hazikuwa zote za kufumba hivi. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba habari ya Kijiti, mtu aliyeua mwanamke, kwa jina lake hilohilo. Wimbo wa namna hiyo unafunga mlango: ni wa Kijiti, na mtu mwingine hana pa kujitia. Wa mkeka unaacha mlango wazi, anaingia mwenye kosa na asiye na kosa, na anaingia msichana mwenye noti ya 500 aliyemkumbuka bibi yake.

Lililobaki lilikuwa kuomba radhi, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nilitaka kwenda kusema "sikukukusudia wewe". Mama mdogo akakataa katakata. Ukimwambia mtu hukumkusudia, umekiri kwamba maneno yanamwenea. Kijembe hakiombewi radhi kwa kutajwa.

Asubuhi akapakua sahani ya biriani iliyobaki shughulini, akaifunika kawa, akajifunga kanga, tukaenda wote wawili. Mvua ilikuwa imetulia. Tulimkuta barazani anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mama mdogo akaweka sahani, wakaulizana hali, wakazungumzia mvua, bei ya unga, na turubai la watu lililokodishwa likiwa na matundu. Mume hakutajwa, wimbo haukutajwa. Mama mdogo akaeleza tu, kama habari ya kupita, kwamba mtoto huyu alikuwa na bibi yake fundi wa mikeka, kila akiusikia ukindu unatajwa hana akili tena. Mama wa nyumba ya tatu akanitazama kwa muda, jani la mchicha mkononi. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Basi mwanangu," akasema, "siku nyingine noti ikikuwasha, tunza bashirafu."