Soketi inayopata moto: hesabu ya volti zinazopotea

Nyumba za pwani, kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi, na Pemba vilevile, zinaliwa viungo vya umeme na chumvi ya hewani. Shaba inaota ukoga wa kijani, ukinzani (kile kinachouzuia umeme kupita) unapanda, na mwenye nyumba anajua siku soketi inapoanza kunuka. Kuujua ubovu huo mapema inatosha multimita (kipimo cha mkononi cha volti, ampea na omu) na birika la umeme.

Soma kibandiko chini ya birika. Tuseme ni volti 230, wati 2000. Wati gawanya kwa volti unapata mkondo: 2000 ÷ 230 = ampea 8.7. Volti gawanya kwa mkondo unapata ukinzani: 230 ÷ 8.7 = omu 26.4. Waya wa ndani wa birika, ule unaopata moto, kwa kawaida ni wa nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromu), ambao ukinzani wake haubadiliki sana ukipata moto, kwa hiyo omu hizo unaweza kuzitegemea. Balbu ya waya sivyo. Ikiwa baridi, ukinzani wake haufiki hata sehemu ya kumi ya ule wa ikiwaka.

Jioni umeme ukishuka hadi volti 190, mkondo unakuwa 190 ÷ 26.4 = ampea 7.2, na nguvu 190 × 7.2 = wati 1368. Volti zimepungua asilimia 17, wati asilimia 32, kwa sababu mkondo nao umeshuka. Friji na pampu ya maji usizipigie hesabu hii: mota ikikosa volti huweza kuvuta mkondo mkubwa zaidi mpaka ikaungua.

Kupima sasa. Multimita iwe kwenye volti za AC, waya mweusi tundu la COM, mwekundu tundu la V. Angalia mara mbili. Mwekundu ukibaki kwenye tundu la ampea 10, ukigusa soketi umepiga shoti, maana njia ile karibu haina ukinzani. Tumia soketi pacha: birika upande mmoja, ncha za multimita upande wa pili.

Birika likiwa limezimwa unasoma, kwa mfano, 226. Likiwashwa, 212. Zimepotea volti 14, na mkondo ni 212 ÷ 26.4 = ampea 8. Rudia kwenye bodi ya fyuzi (hapa aitwe fundi, kifuniko kikitolewa nyaya zipo wazi). Kama pale zinapotea 4 tu, basi 10 zinapotea ndani ya nyumba. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una takriban omu 7.4 kwa kilomita. Mita 20 kwenda na 20 kurudi ni omu 0.3, yaani volti 2.4. Zilizobaki, 7.6, zimekwama kwenye viungo. Zidisha kwa ampea 8: wati 61. Chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi huwa cha wati 30 au 40, na kinayeyusha.

Usijaribu kuupima ukinzani huo moja kwa moja kwa omu. Nyaya za multimita zenyewe zina omu 0.2 au 0.3, na kiungo kibovu huonekana kizuri kikiwa hakina mzigo.

Tiba: zima swichi kuu, hakikisha kwa kipimo kuwa umeme umekatika, kata shaba iliyobadilika rangi mpaka ufike inayong'aa, kaza skrubu. Kiungo cha kusokota na kufungwa tepu kitolewe, kiwekwe konekta ya skrubu. Soketi iliyolegea meno haikazwi, inabadilishwa. Kisha washa birika upime tena. Volti zinazopotea ndani zikibaki zaidi ya 3 au 4, kuna kiungo kingine hakijaguswa.