Paketi ya Maziwa Haikutosha: Nilivyopunguza Madini ya Risasi Mwilini Nikiwa Fundi wa Ndege Malindi

Ninafanya kazi ya ufundi wa ndege ndogo mjini Malindi, na kazi hiyo ina kemikali nyingi kuliko abiria anavyodhani: mafuta, grisi, rangi, vimiminika vya breki na dawa za kusafishia vyuma. Hapa nitazungumzia zaidi moja, yaani madini ya risasi, kwa kuwa ndiyo iliyopimwa ikaonekana katika damu yangu na ndiyo niliyoweza kuipunguza bila kuacha kazi.

Ndege kubwa zinazoleta watalii, pamoja na zile za abiria wachache za aina ya Cessna Caravan, hutumia mafuta ya jeti ambayo ni jamaa wa karibu wa mafuta ya taa. Hukausha ngozi hata ikapasuka, na mvuke wake huumiza kichwa, hasa jua la saa nane linapowaka, lakini risasi hayana. Ndege ndogo za injini za pistoni ni habari nyingine. Petroli yake ya buluu, iitwayo 100LL, huruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi katika kila lita, nayo risasi hiyo imo katika hali inayoweza kupenya ngozi iliyo nzima, isiyo na mchubuko wowote. Magari ya Kenya yaliachana na petroli ya risasi kufikia mwaka 2006, na mwaka 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba hakuna tena nchi duniani inayoyauzia magari petroli ya namna hiyo. Ndege hazikuhusika na tangazo hilo.

Katika karakana nyingi, fundi akimaliza kazi huosha mikono kwa petroli ileile, kwa sababu huondoa grisi upesi kuliko sabuni. Kisha hukaa kivulini akala viazi karai kwa mikono hiyo. Rubani naye, akichota sampuli chini ya bawa kuangalia kama maji yameingia tangini, huacha mafuta yamtiririkie hadi kwenye kiwiko. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hatari iliyosahaulika kuliko zote iko kwenye plagi za injini, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli. Risasi iliyoungua hujikusanya humo kama vijipunje vya kijivu, na fundi huvikwangua kwa brashi kavu, kisha hupuliza plagi kwa upepo wa kompresa huku uso wake ukiwa hapo hapo.

Kinga tuliyopewa ilikuwa paketi ya maziwa kila mtu. Wapaka rangi, wachomeleaji na wauza petroli wa pwani yote wanaiamini dawa hiyo, na mzee aliyenifundisha kazi aliniambia mara nyingi, "Mwanangu, kunywa maziwa, sumu itakatika." Nilimjibu kwa heshima yake, "Nitakunywa, mzee wangu, lakini na glavu nazitaka." Maziwa hayasafishi mvuke uliokwishaingia mapafuni wala hayaifikii risasi iliyopita kwenye ngozi. Ni kweli kwamba mwili wenye uhaba wa kalsiamu au madini ya chuma hufyonza risasi zaidi tumboni, kwa hiyo maziwa, dagaa na mchicha vina nafasi yao. Ila nafasi hiyo ni ndogo, na mwajiri anayenunua maziwa badala ya glavu amejinunulia utulivu wa moyo wake mwenyewe.

Maumivu ya kichwa na tumbo yaliponizidi nilikwenda kupimwa, na kama ilivyo desturi ya pwani, jambo la kwanza kutafutwa lilikuwa malaria. Haikuonekana. Hapo nilimweleza daktari kazi yangu kwa urefu, nikamtajia petroli ya buluu na plagi, nikaomba damu yangu ipimwe risasi. Sampuli ilipelekwa Nairobi, na jibu likawa juu ya maikrogramu 5 kwa desilita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu akikifikia chanzo kitafutwe na kizibwe. Daktari alinieleza kwamba dawa za kuitoa risasi mwilini hupewa watu wenye viwango vya juu zaidi, na kwamba tiba yangu ni kuzuia isiendelee kuingia. Kama maumivu yale yalitokana na risasi, na mvuke au na jua, hakuna aliyeweza kunithibitishia. Damu ndiyo iliyokuwa na ushahidi.

Sikwenda kwa mwenye kazi peke yangu. Tulikwenda mafundi kadhaa, na badala ya kulalamika tuliomba tuonyeshwe karatasi ya usalama ya petroli ile, ambayo muuzaji wa kemikali anapaswa kuitoa. Karatasi hizo hugawanywa katika sehemu 16, na sehemu ya 8 hutaja vifaa vya kujikingia. Tulimsomea mkuu wetu sehemu hiyo, tukamkumbusha kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa hivyo bila kumtoza mfanyakazi. Alinung'unika kuhusu bei, kisha akanunua. Glavu zenyewe ni za nitrili, aina ya mpira unaostahimili mafuta, nene, zinazofika juu ya kifundo cha mkono. Glavu za ngozi hunywa mafuta zikayagandamiza mwilini, na zile nyembamba za mpira wa kawaida huvimba na kulegea upesi.

Plagi sasa tunazisafisha zikiwa zimeloweshwa, nje ya karakana, tukivaa barakoa yenye kichujio cha vumbi, na kompresa haizigusi. Ninapojaza mafuta husimama upande upepo unakotoka: wakati wa kusi nakaa kusini mwa bawa, kaskazi ikivuma nahamia upande wa pili, ili mvuke uende zake. Mikono huoshwa kwa sabuni ya mafundi na maji kabla ya chakula, na chakula hakiingii tena karakanani.

Jambo lililonihangaisha zaidi lilikuwa nyumbani. Ovaroli yangu ilikuwa ikifuliwa katika beseni moja na nguo za binti yetu, na mtoto mdogo anaweza kufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 ya anavyofyonza mtu mzima. Nilipomweleza mke wangu, alisema tu, "Baba Salma, nguo hizo zisivuke mlango huu." Hazivuki. Buti nazo hubaki kazini, na makopo matupu ya mafuta ya ndege pia, ingawa majirani huyapenda kwa kuwekea mafuta ya kupikia. Kuhusu makopo sina mzaha hata kidogo. Mwaka 1959, katika mji wa Meknes nchini Morocco, mafuta ya kulainishia injini za jeti yalichanganywa na mafuta ya kupikia yakauzwa sokoni, na watu wapatao 10,000 walidhurika, wengi wakipooza miguu, kwa sababu ya kemikali za trikresili fosfati zilizokuwamo.

Damu yangu ilipopimwa tena miezi kadhaa baadaye, kiwango kilikuwa kimeshuka chini ya 5. Katika damu risasi hupungua kwa nusu kwa muda wa mwezi mmoja hivi, lakini ile iliyojificha mifupani hukaa miongo, kwa hiyo naendelea kupimwa. Binti yetu naye alipimwa, na kiwango chake kilikuwa chini.

Nguo tunazifua wenyewe kwenye bomba la karakana, na maji yake yanaishia katika shimo lililo nyuma ya jengo, si mbali na mfereji unaojaa wakati wa masika. Mkuu wetu anataka shimo lifukiwe kwa kokoto. Sisi tunataka tangi la kukusanyia maji hayo, na mazungumzo bado yanaendelea.