Bafu la mita moja na nusu: siku moja ya fundi vigae

Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka, ila magoti yangu huamka saa moja. Ni Julai, na Arusha ya Julai mnaijua wenyewe. Chai, begi la vifaa, pima maji mkononi, kifodi kutoka Kwa Mrombo, nabadilisha Kilombero, na saa moja na nusu nipo Sakina. Dogo wangu ameshafika, anaosha ndoo.

Mimi ni fundi vigae. Wengi wakisikia hivyo wanaona mtu wa kupaka gundi na kubandika. Wiki hii nina bafu la nyumba ya zamani, mita 1.5 kwa 1.8, choo humo humo. Mama mwenye nyumba aliniita nibomoe ukuta ili bafu liingie chumba cha watoto, kwa kuwa “mtu akiingia humu anakosa hewa”. Nilipolikagua nikakuta mlango unafungukia ndani na kugonga choo, kwa hiyo lazima uingie kiubavu, ujibanze kwenye sinki, ndipo uufunge. Halafu kuna kiukuta cha tofali kilichojengwa kati ya choo na shawa, sijui kwa ajili gani. Nikamwambia, mama, chumba cha watoto tukiache. Mlango tuugeuze ufungukie nje, kiukuta kitoke pawekwe kioo cha wazi, na sinki lile la mguu tulibadilishe kwa kabati linaloning'inia ukutani, sakafu ionekane mpaka kwenye kona. Akakubali, ingawa kwa sauti ya mtu anayeibiwa. Jumatatu tukavunja.

Sakafu tulibandika juzi. Hapo nako tulivutana, maana watu wanaamini chumba kidogo kinataka kigae kidogo. Piga hesabu: kwa vigae vya 20 kwa 20, sakafu ile ingekula vipande 72 ukihesabu na vya kukata. Kwa vya 60 kwa 60 ni sita vizima na nusu tatu, basi. Mistari ikipungua, macho hayana pa kujikwaa. Slopu nimeipa senti moja na nusu kila mita, yote upande mmoja kuelekea chujio refu la ukutani. Kabla ya kubandika, dogo alimwaga kikombe cha maji mlangoni. Yakasita kidogo, kisha yakajikusanya na kuondoka yenyewe. Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii.

Asubuhi nzima leo ni kukata mstari wa mwisho wa ukutani, maana vigae lazima vifike dari. Ukiviachia katikati, chumba kinaonekana kama mtu aliyevaa suruali fupi. Grainda, vumbi, kikohozi. Saa sita na nusu wali maharage kwa mama ntilie.

Saa saba mama akaja na mfuko wa grauti, ule unga wa kujazia mistari kati ya vigae.

Nyeusi.

Niseme jambo moja kuhusu wateja. Ukimpeleka dukani anahisi umeshapanga na muuzaji, mna cha juu chenu. Kwa hiyo anakwenda mwenyewe, kimya kimya, na anarudi na kitu ambacho wewe ndiye utakayelaumiwa nacho. “Nyeusi haionyeshi uchafu, fundi.” Kwa uchafu hakosei. Lakini vigae vyetu vya ukutani ni vyeupe, vya sakafuni rangi ya mchanga. Nikampeleka barazani, nikalaza vigae vinne vilivyobaki, viwili nikavitenganisha kwa soletepu nyeusi ya umeme, viwili nikaviacha vimekaribiana. Nikamwomba arudi nyuma hatua tano, aangalie.

Akaangalia. “Mimi naona sawa tu.”

Binti yake wa darasa la tatu akapita na mkate mkononi. “Hii kama daftari langu la hesabu.” Akafukuzwa aende akale ndani.

Ikabidi apigiwe kaka yake Dar, kwa video. Mtandao ukakata mara tatu. Kaka akataka kuona vigae, akataka kuona dari, akataka kuona sura yangu. Akauliza kwa nini hatukuweka jakuzi. Dogo akatoka nje kucheka. Mimi nimesimama, simu nimeishika juu kama mpiga picha wa harusi, na muda wa grauti unapita, kwa sababu grauti ukiianza hutakiwi kuiacha katikati. Mwishowe kaka akasema, “Msikilize fundi.” Mama akanijibu mimi, si yeye: “Haya, kijivu. Lakini boda unalipa wewe.” Elfu tatu kwenda, elfu tatu kurudi, duka la pili ndiyo wakawa na kijivu hafifu.

Kuanzia hapo saa sizijui. Unakoroga mpaka iwe nzito kama dawa ya meno, unasukuma kwa raba kwa mshazari, unasubiri ishike, unafuta kwa sponji iliyokamuliwa vizuri. Ukifuta mapema inatoka yote, ukichelewa inakuwa jiwe. Unapiga magoti unarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Jua lilishazama nikiwa nusu, tukamalizia kwa tochi ya simu ya dogo. Mstari wa juu, ulio na gundi mbichi, tumeuacha wa kesho. Mama alikuja akasimama mlangoni, hakusema kitu, akamwita binti yake aje aone, kisha akamwambia asikanyage.

Saa tatu usiku, miguu ipo kwenye beseni la maji ya moto, simu inalia. Kesho ni siku ya kioo cha kujitazamia. Nilimwandikia mama vipimo kwenye karatasi: kifunike ukuta wote juu ya sinki, kilitazame dirisha, mwanga wa nje urudi mara mbili. Ametuma picha. Ni cha mviringo, ukubwa wa sinia la pilau, fremu ya dhahabu yenye maua.

“Fundi, nimekipata kwa bei nzuri sana.”