Ada ya Mwaka na Mipaka ya Leseni

Tangu mvua za masika zianze, na wageni wapungue mitaani, nimekuwa nikishughulikia makabrasha ya mkutano mkuu. Katika barua zote nilizopokea kutoka kwa wanachama, iliyonisumbua zaidi ni ya mwenzetu mmoja wa Moshi, anayepandisha wageni Kilimanjaro, ambaye ameuliza kwa adabu lakini bila kuzunguka kwamba ada anayolipa kila mwaka inampatia nini. Swali lenyewe ni halali. Ukilisoma hadi mwisho utaona kwamba haulizi habari za cheti wala punguzo la kozi. Anataka kujua kama kuwamo katika chama cha kimataifa kutamwezesha siku moja kuwachukua wageni wake hadi Maasai Mara bila kuwakabidhi kwa mtu mwingine pale Namanga. Jibu ni hapana, na nimekuwa nikitafuta namna ya kulieleza bila kumfanya aone kwamba chama hakina kazi.

Mimi mwenyewe ni mwongoza watalii wa Mji Mkongwe, Unguja, na kwa sasa ndiye katibu wa chama kinachounganisha vyama vya waongoza watalii wa nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Ukatibu huu hauna mshahara. Kazi yake hufanywa usiku, baada ya kutwa nzima ya kutembea na wageni, na sehemu kubwa ni kuwakumbusha watu wazima mambo wanayoyajua: walipe ada, wajibu barua, walete hesabu zilizokaguliwa.

Chama kama chetu kina jambo la ajabu ambalo mtu haligundui mpaka akiendeshe. Madaktari au wahandisi wanapoungana kimataifa, wanaweza kudai kwamba ujuzi wao ni ule ule popote waendapo, kwa hiyo wafunguliwe milango. Sisi tumeungana kutetea karibu kinyume cha hilo. Shirikisho la Dunia la Vyama vya Waongoza Watalii lilichipuka katika mkutano wa kwanza wa kimataifa uliofanyika Tel Aviv mwaka 1985, likasajiliwa baadaye nchini Austria kama chombo kisicho cha faida. Lile la Ulaya lilianzishwa Paris mwaka 1986. Tangu siku hizo, msimamo unaorudiwa katika vyombo hivyo ni kwamba mwongoza watalii ana sifa ya eneo mahususi. Fasili ya viwango vya Ulaya ya mwaka 2003, ambayo shirikisho la dunia nalo huitumia, inamtaja kuwa mtu anayewaongoza wageni kwa lugha waliyoichagua na kuwafasiria urithi wa utamaduni na wa asili wa eneo fulani, ambaye kwa kawaida ana sifa inayolihusu eneo hilo, iliyotolewa au kutambuliwa na mamlaka husika. Kwa maneno mengine, watu wa nchi mbalimbali wamekutana, wakachanga fedha na kuandika katiba, ili wakubaliane kwamba kila mmoja abaki kwake. Anayesafiri na kundi kutoka nchi hadi nchi, akishughulikia hoteli, pasipoti na mizigo, ni kiongozi wa msafara. Hiyo ni kazi nyingine yenye heshima yake, na ugomvi huanza pale anaposhika kipaza sauti ndani ya basi na kuanza kuueleza mji ambao ameufikia jana.

Mimi naamini msimamo huo ni sahihi, na siusemi kwa sababu tu unalinda mkate wangu. Beit el Ajaib, jumba la zamani la sultani hapa Mji Mkongwe, lilibomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha, lakini muda mrefu baadaye nilikuwa nikiwasikia viongozi wa misafara kutoka nje wakiwaahidi wageni makumbusho ndani yake. Lipo pia jambo gumu zaidi, lile la vyumba vya chini ya jengo la zamani la wamisionari huko Mkunazini, karibu na kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Simulizi inayozoeleka husema kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri kuuzwa, ilhali baadhi ya wanahistoria wanasema jengo lenyewe lilisimama baada ya soko kufungwa. Mwongozaji wa hapa anapaswa kujua pande zote mbili na kuzieleza bila kulipunguza uzito suala la utumwa wenyewe, ambao ulikuwapo na ulikuwa wa kutisha. Mgeni aliyelia ndani ya kile chumba anastahili ukweli, na mtu wa kumwambia ni yule ambaye kesho atakutana tena na wazee wa Mkunazini na kuulizwa alisema nini. Uwajibikaji wa namna hiyo huwezi kuutoa kwa kadi ya plastiki.

Hata hivyo, hoja hiyo hiyo ikitamkwa na mtu mwenye nia mbaya hugeuka kuwa ukuta wa kuwazuia wenzake, na Ulaya walikwisha kulipitia suala hili mahakamani. Tarehe 26 Februari 1991, Mahakama ya Haki ya Jumuiya za Ulaya iliamua katika kesi tatu, dhidi ya Ufaransa, Italia na Ugiriki, kwamba nchi hizo zilikiuka uhuru wa kutoa huduma kwa kumtaka mwongozaji aliyefuatana na kundi kutoka nchi nyingine mwanachama awe na leseni yao. Mahakama iliacha nje makumbusho na majengo ya kihistoria ambayo hutembelewa kwa kuongozwa na mtaalamu maalumu tu. Mvutano haukuishia hapo. Italia ilitunga sheria mpya mwaka 2023 inayoweka mtihani na orodha ya kitaifa ya waongoza watalii, katika nchi ambayo leseni zilikuwa zimegawanyika kimikoa kwa miaka mingi. Ninachokiona katika historia hiyo ni kwamba vyama havikuishinda mahakama wala mahakama haikuvifuta vyama. Vilichofanya ni kuhamishia nguvu katika mafunzo. Mwaka 2008 kikatolewa kiwango cha Ulaya cha mafunzo ya waongoza watalii, kinachotaka vipindi visivyopungua 600, na sehemu kubwa yake iwe ya vitendo. Huo naona ndio uamuzi wa busara kuliko yote uliofanywa na watu wa fani yetu, kwa sababu mafunzo yanaweza kuvuka mpaka bila kumnyang'anya mtu kazi yake.

Kwetu hali ni ngumu zaidi, na siwezi kuandika kama kwamba sioni. Itifaki ya soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ikiahidi watu, kazi na huduma kutembea kwa uhuru. Lakini njia ya Bologonja, inayounganisha Serengeti na Maasai Mara, haijarudi kuwa njia ya watalii tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977, nyumbu wakipita na sisi tukizunguka kupitia Namanga au Sirari. Mwezi Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara fulani, na kuongoza watalii ndani ya nchi kumetajwa kwa jina katika orodha hiyo. Wakenya walilalamika, na wanachama wetu wa Kenya waliniandikia wakitaka chama kitoe tamko la kulaani. Wale wa Arusha nao wakaandika wakitaka tamko la kupongeza. Sikutoa lolote kati ya hayo mawili. Chama kinachoshikilia msimamo wa miaka kama arobaini kwamba mwongozaji awe wa mahali pake hakiwezi kushangaa serikali inapolisema hilo kwa lugha ya sheria, wala hakiwezi kushangilia kwa sauti inayomfanya jirani ajione amefukuzwa. Tulichoandika ni barua fupi kwa vyama vyote, ikiomba kwamba mwongozaji wa upande mmoja anapowakabidhi wageni mpakani, awakabidhi kwa mwanachama wa upande wa pili anayejulikana kwa jina na leseni, badala ya yeyote aliyepatikana kwa bei rahisi. Barua hiyo haikumfurahisha mtu, lakini makabidhiano yameanza kwenda vizuri zaidi.

Kuna pia swali la nani hasa ni mwongoza watalii, ambalo katika katiba lilionekana jepesi. Kenya wana leseni kutoka kwa mamlaka ya udhibiti wa utalii, na juu yake chama chao cha waongozaji wa safari, kilichoanzishwa mwaka 1996, kina mitihani ya shaba, fedha na dhahabu ambayo wengi wetu tunaitamani. Arusha kazi mbili zimekuwa moja: dereva ndiye mwongozaji, na anayeshika usukani porini ndiye huyo huyo anayemtambua ndege. Rwanda na Uganda, anayewapeleka wageni kwa sokwe wa milimani ni mtumishi wa hifadhi. Je, mtumishi wa serikali aketi katika chama cha wanaojitegemea, na apige kura kuhusu kiwango cha chini cha malipo ya siku ambacho yeye hakimhusu? Tulimkubali kama mwanachama asiye na kura. Sikulipenda sana, maana baadhi yao wana elimu ya wanyamapori kuliko sisi sote, ila suala la malipo lingekuwa halizungumziki tena.

Fedha nitazipitia upesi, kwa sababu hazina siri. Zinatoka kwenye ada, na ada zinachelewa kwa kuwa kazi yetu ni ya msimu. Mtu anayeombwa mchango mwezi wa Aprili anaombwa wakati ambao hana kitu. Mhazini amependekeza tarehe ya mwisho iwe 31 Oktoba, baada ya msimu mkubwa, nami namuunga mkono kwa mikono miwili. Kinachobaki baada ya gharama za benki na mkaguzi wa hesabu hutumika karibu chote kuwafundisha wakufunzi, ambao nao hurudi kufundisha nyumbani. Safari za viongozi kwenda mikutanoni tunajilipia, na ni vema iendelee hivyo, ingawa najua inawafungia nje wenye uwezo mdogo, na hasa wanawake, ambao katika fani hii bado ni wachache kwetu.

Mojawapo ya mambo ambayo fedha kidogo huyafanya vizuri ni Siku ya Kimataifa ya Waongoza Watalii, tarehe 21 Februari, iliyoadhimishwa duniani kuanzia mwaka 1990. Vyama vingi siku hiyo huwatembeza wakazi wa mji wenyewe bila malipo. Hapa Unguja jambo hilo lina faida ambayo sikuitarajia: mama aliyezaliwa mtaa wa Malindi, hapa hapa mjini, anamsahihisha mwongozaji mbele ya watu, na mwongozaji anarudi nyumbani na maarifa ambayo hayamo katika silabasi yoyote. Papasi, wale vijana wanaowafuata wageni mitaani bila leseni, nao hufuata nyuma na kusikiliza, na wawili watatu kati yao baadaye wamekuja kuuliza namna ya kupata leseni.

Sasa limebaki suala ambalo linanigusa mimi mwenyewe. Hoja ya kadi moja ya kikanda, itakayomruhusu mwanachama kuongoza katika nchi zote, imeletwa tena, na nitasimama kuipinga kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Badala yake nitaomba tutambue vyeti vya mafunzo vya kila nchi, ili mwongozaji anayehama makazi asianze upya, abakize tu mtihani wa eneo jipya. Lakini anayesema mipaka ya leseni iheshimiwe lazima akubali kuulizwa habari za mpaka wa nyumbani kwake. Utalii si jambo la Muungano. Leseni yangu hutolewa na Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na mwenzangu wa Bara yuko chini ya mamlaka nyingine kabisa. Kwa kanuni tunayoitetea, Zanzibar ingestahili kiti chake katika halmashauri. Katiba yetu, hata hivyo, inatoa kiti kimoja kwa kila nchi mwanachama wa Jumuiya, na Kenya tayari wameuliza, kwa haki, kwa nini basi waongozaji wa Mombasa na Lamu wasidai chao. Mimi nina maoni, na kila mtu anayajua. Kwa hiyo nimeiweka ajenda hiyo baada ya uchaguzi, ili isitumiwe kuombea kura, na wakati inajadiliwa mjumbe wa Uganda ndiye atakayeandika kumbukumbu za kikao.