Pattaya kwa baht 600 kwa siku, mimi na mama mdogo

Mzigo wetu ulikuwa Bangkok kwa watu wa kago, na wakatuambia hautafungwa mpaka wiki ipite. Hoteli za Pratunam, mtaa wa maduka ya nguo huko Bangkok, zilikuwa zinatukamua. Dada mmoja wa Kariakoo, mzoefu wa safari hizo, alikuwa amekodi chumba Pattaya na wakati huo hakikuwa na mtu, akatupa ufunguo. Basi Novemba ile ya 2023 tukapanda basi kituo cha Ekkamai, kilomita kama 150 kuelekea kusini-mashariki, tukashukia kwenye mji wa pwani ambao sifa zake nyingine sikumsimulia mama mdogo.

Mama mdogo anapika vitumbua Mbagala, kila asubuhi, miaka zaidi ya ishirini. Akiba yake alikuwa ameitia kwenye mzigo wetu wa kwanza wa blauzi na nguo za watoto, akasema pesa yake haisafiri peke yake, ataisindikiza. Hesabu ya chakula niliandika kwenye daftari: baht 600 kwa siku, watu wawili, siku sita, jumla 3,600. Baht moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 70 za kwetu, kwa hiyo 42,000 kwa siku. Nikaona tutakula mpaka tusaze.

Jioni ya kwanza tuliharibu. Tulikuwa tunatembea barabara ya ufukweni, upepo mzuri, tukakuta mgahawa umepanga samaki nje juu ya barafu, macho yao bado yanang'aa. Katikati ya samaki kibao: 80. Mama mdogo akanibana mkono.

"Kilo baht themanini? Hata Feri hupati."

Tukachagua mmoja, wakampima, wakampika kwa ndimu na kitunguu saumu, na haki ya Mungu alikuwa mtamu. Bili ilipokuja nikadhani wamekosea meza: 1,232. Nikamwita kijana. Akanirudisha taratibu hadi kwenye barafu, akaweka kidole chini ya ile 80, palipokuwa na maandishi madogo kama sisimizi: gramu 100. Kumbe huko samaki wa mgahawani anauzwa kwa "khit", na khit moja ndiyo hizo gramu 100. Wetu alikuwa na kilo moja na gramu 200, khit 12, baht 960. Wali sahani mbili, 60. Maji chupa mbili, 80. Vile vitambaa vya kufutia mikono tulivyovifungua tukidhani ni ukarimu, 20. Juu ya vyote asilimia 10 ya huduma. Hawakutuibia, kila kitu kilikuwa kimeandikwa.

Mama mdogo hakusema neno mpaka tulipozima taa. "Elfu themanini na sita," akasema gizani. "Samaki mmoja."

Zikabaki baht 2,368 kwa siku tano. Ukigawa, 473 kwa siku. Sikulala vizuri.

Asubuhi tulikunywa chai ya chumbani na mayai ya kuchemsha ya 7-Eleven, maduka ambayo huko yako kila baada ya hatua chache. Mama mdogo alikuwa amekaa dirishani akiwatazama wanawake wa hoteli ya jirani wakikung'uta mashuka.

"Hawa wanaotandika vitanda wanakula wapi?"

Swali hilo ndilo lililotuokoa, na lilikuwa lake, si langu. Ilipokaribia saa sita mchana wale wanawake walitoka, tukawafuata kwa mbali kama mashushushu. Hawakwenda upande wa bahari hata mmoja. Walivuka Second Road, barabara inayofuata baada ya ile ya ufukweni, wakaingia ndani, kwenye vichochoro vya kuelekea mtaa wa Soi Buakhao, wakaishia kwenye banda la bati lenye viti vya plastiki na meza ndefu yenye masufuria kumi na kitu. Hapo nikajua tumefika nyumbani: mama ntilie! Wenyewe wanaita "khao kaeng", wali na mchuzi. Unapewa sahani ya wali, unanyoosha kidole kwenye sufuria unayoitaka. Mboga moja ilikuwa baht 40, mboga mbili 50. Maji ya kunywa yapo kwenye jagi, barafu bure. Hakuna menyu ya kukuchanganya, na bei haibadiliki kwa sababu ya ngozi yako, maana mteja wa nyuma yako ni mlinzi wa benki na yeye ana haraka.

Saa ni muhimu. Tulipochelewa siku moja tukafika saa nane, masufuria yalikuwa yanaoshwa.

Tatizo likawa nguruwe. Yupo kila mahali, na sisi hatuli. Nilijifunza kusema "mai kin mu kha", sili nguruwe, ile "kha" ya mwisho ni adabu ya mwanamke anapozungumza. Mwanamume anasema "khrap". Nilidhani inatosha. Siku hiyo hiyo ya pili, kwenye kigari cha tambi, nikaomba za kuku, nikasema sentensi yangu, mpishi akaitikia kwa tabasamu, akateka supu kwenye sufuria kubwa. Mama mdogo, ambaye jicho lake la jikoni halidanganywi, akachungulia sufuria ile.

"Mwanangu, hiyo mifupa si ya kuku."

Nyama ilikuwa ya kuku kweli, lakini supu ilikuwa ya mifupa ya nguruwe. Na wali wa kukaanga huenda umekaangwa kwa mafuta yake. Mpishi hakukosea: nilisema sili nguruwe, naye hakuniwekea kipande hata kimoja. Tuliomba radhi, tukalipa, tukaacha bakuli. Tangu hapo nikaacha kutegemea sentensi, nikaanza kutafuta ishara. Thailand ina Waislamu wengi, hasa kusini, na vigari vyao vinajulikana: mwezi na nyota, rangi ya kijani, neno la Kiarabu "halali" ndani ya ile nembo ya baraza la Kiislamu la nchi yao, au mama aliyejifunga mtandio. Ukimuuliza mtu "ahan islam", chakula cha Kiislamu, anakuonyesha mkono upande upi.

Dereva wa bodaboda, wale wanaovaa vizibao vya rangi ya chungwa, ndiye aliyetupeleka Ijumaa msikitini, na nje ya msikiti ndipo nilipokula chakula bora cha safari nzima. Kinaitwa "khao mok kai". Wali wa njano wa manjano na viungo, kuku amezikwa ndani yake, kitunguu cha kukaanga juu, bakuli dogo la supu pembeni na mchuzi wa kijani wa majani, mtamu na mchachu kwa pamoja. Baht 60. Mama mdogo akafukua kuku wake, akanusa.

"Hili ni biriani lililosahau mchuzi, au pilau lililopaka manjano?"

Akamaliza sahani. Akaagiza nyingine ya kufunga. Mwenye kigari alikuwa mtu mzima, nikamwita "pa", ambalo kwao ni shangazi au mama mkubwa. Aliyekuzidi kidogo unamwita "phi", dada au kaka. Mama mdogo aliridhika sana kusikia kwamba huko nako mpishi haitwi "wewe".

Usafiri ulikuwa unakula bajeti mpaka tulipozielewa zile pikapu za buluu zenye mabenchi mawili nyuma, abiria mnatazamana. Aliyeishi Dar zamani atakumbuka chai maharage. Zinazunguka: barabara ya ufukweni zinakwenda kusini, Second Road zinarudi kaskazini. Usimuulize dereva bei wala unakokwenda, ukiuliza anadhani unataka kumkodi. Panda, ukifika bonyeza kengele ya kwenye paa, shuka, mpe nauli, wakati ule baht 10, nenda zako.

Kwa pikapu hizo tulifika Terminal 21, jengo la maduka lililofunguliwa 2018, kila ghorofa limepambwa kama mji fulani wa ulaya au wapi. Mimi nilikataa kuingia, nikijua bei za majengo yenye kiyoyozi. Nikakosea. Ndani mna ukumbi wa chakula unaoitwa Pier 21, na sahani nyingi hazikufika baht 60. Unanunua kadi kaunta, unaitia pesa, unalipa kwa kadi kila kibanda, ukimaliza unarudi kaunta wanakurudishia chenji. Tulikuta kibanda chenye nembo ya halali, tukala wawili kwa 110, tukakaa kwenye baridi saa mbili tukitazama bahari ambayo siku ya kwanza tuliilipia 1,232. Ni wazi wanakiweka rahisi ili watu wazunguke madukani kununua viatu. Hatukuzunguka.

Maji nayo. Chupa za dukani zinaumiza taratibu. Mitaani kuna mashine zinazouza maji yaliyochujwa, unatumbukiza baht 1 unapata lita nzima. Tulitembea na chupa zetu mbili kama watoto wa shule.

Som tam nitaisema kwa kifupi kwa sababu bado inaniwasha. Ni papai bichi lililochanwa nyuzi nyuzi, linatwangwa kwenye kinu na ndimu, karanga, nyanya, mchuzi wa samaki na pilipili. Mama mdogo alipoona kinu na mchi akasema hapa ndipo pangu. Nilikuwa nimefundishwa kusema "phrik met diao", pilipili moja tu. Dada akatia moja, nilimwona kwa macho yangu. Lakini kinu kile kilikuwa kimetwanga pilipili za watu tangu asubuhi na hakioshwi kati ya mteja na mteja. Mama mdogo alilia kimyakimya, akala na wali wa kunata mpaka nyuzi ya mwisho.

Samaki tulimrudia siku ya tano, kwa akili. Kaskazini mwa mji, Naklua, kuna soko la Lan Pho, kando kabisa ya maji. Unanunua kamba, ngisi, kaa, samaki kwa muuzaji, kwa kilo halisi ya gramu elfu moja, kisha unavuka unampa mwenye jiko la mkaa anakuchomea kwa ada ndogo. Mama mdogo alipewa kazi yake ya asili. Alifunua mashavu ya samaki, akabonyeza ngisi kwa kidole, akakataa meza tatu, akapandisha nyusi, akahesabu kwa vidole, na bila neno la Kithai hata moja akashusha ngisi kilo moja kutoka 250 hadi 220. Tukachoma, tukakaa kwenye mkeka chini ya mti pamoja na familia za Kithai, na kimfuko cha pilipili ya ndimu na kitunguu saumu, ile ile unayoweza kuikuta Forodhani ila imetiwa mchuzi wa samaki. Tuliongeza wali wa vifuko na kipande cha embe. Jumla 310, na tulishindwa kumaliza.

Wakati wa kutoka sokoni ndipo alipomwona yule bibi. Alikuwa nyuma ya chuma kizito cheusi chenye matundu, anamimina uji wa mchele na tui kwa birika, anafunika kila sehemu kwa kifuniko kidogo. Mama mdogo akasimama kama aliyeitwa jina.

"Hawa nao wanapika vitumbua?"

"Khanom krok" vinaitwa. Tulinunua kwa 30. Mama mdogo akala cha kwanza polepole, akatoa hukumu: hakuna hamira, hakuna iliki, havigeuzwi, juu vinabaki laini kama maziwa mgando, halafu vipande viwili vinakutanishwa uso kwa uso. Na mtu katia majani ya kitunguu humo! Lakini tui ni la leo. Hilo alilirudia mara mbili. Akaanza kuhesabu matundu. Chuma chake cha Mbagala kina 7. Hiki kilikuwa na 28.

Siku ya mwisho daftari lilionyesha tumebakiza baht 164 katika zile 3,600. Nilikuwa nimevimba kichwa. Mama mdogo alinisubiri nimalize kujisifu, akaniongoza hadi duka la vyombo karibu na soko, akanionyesha chuma cha matundu 28. Baht 480. Nikamwambia bajeti imekwisha, na uzito je? Akageuka pembeni, akafungua fundo la kanga, akalipa noti moja moja.

Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi ilibidi nitoe pea tatu za viatu kwenye begi nivitie mkononi. Chuma hakikutoka. Sasa kipo Mbagala, na matundu yake ni mafupi, vitumbua vinatoka vidogo kama visoda. Mama mdogo amevipandishia bei, kwa sababu, anawaambia wateja, hivyo ni vya Thailand.