Amavasya, siku ya marehemu wasio na tarehe

Kuna kitu kwenye dini ya Kihindu nakipenda sana na naona watu hawakiongelei, wakisikia Wahindu wao ni Diwali na rangi za Holi basi. Mi naongelea amavasya, siku ile mwezi hauonekani kabisa angani, ambayo India ni siku ya wazee waliotangulia. Inakuja kila mwezi wa kalenda yao ila uzito haulingani. Watamil, watu wa kusini mwa India, kubwa yao ni ya mwezi wao wa Aadi, Julai kuelekea Agosti, watu wanafurika Rameswaram kuoga baharini, na jimbo la jirani la Kerala nao kipindi hicho hicho wanajaa ufukwe wa Varkala. Ila mi inayonigusa ni ile inayofunga Pitru Paksha, wiki mbili za marehemu kwenye Septemba au Oktoba hivi.

Sasa ndani ya hizo wiki mbili kila marehemu ana siku yake kufuatana na siku ya mwezi aliyofariki. Na yule ambaye hakuna anayejua alifariki lini je? Alipotelea safarini, au ni babu wa babu na hakuna aliyeandika popote? Huyo anasomewa siku ya mwisho, kwenye amavasya, ndo maana wanaiita Sarva Pitri, yaani ya wazee wote, hata ukisahau tarehe ya mtu umeshindwa kila kitu bado siku hiyo inamchukua.

Tambiko lenyewe halina makuu. Mtu anakaa ameelekea kusini, upande wa Yama mwenye mamlaka ya kifo, kidole cha pete amevaa pete ya majani ya darbha, ule uzi mtakatifu wa kidini anaouvaa begani anauhamishia bega la kulia, afu anamimina maji yenye ufuta mweusi. Maji hayapiti kwenye ncha za vidole, hiyo njia ni ya miungu, ya wazee yanapita kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Wanatajwa baba, babu na baba yake babu. Kuna na matonge ya wali au unga wa shayiri, na chakula cha kunguru, maana wanaamini wazee wanakuja kula kupitia hao ndege. Kerala wakishatenga wanapiga makofi mikono ikiwa imelowa maji, kunguru waje, na wakichelewa kuja hapo ndo roho za watu zinakuwa juu juu.

Kuna hadithi ya Karna, yule shujaa wa Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa Kihindu, alifika mbinguni akaandaliwa dhahabu badala ya chakula, kisa maisha yake yote aligawa dhahabu ila hakuwahi kuwapa wazee wake hata tonge, na angewapaje wakati hakuwa anawajua, alitupwa mtoni angali kichanga! Ikabidi arudishwe duniani hizo wiki mbili alipe deni. Mi naona walimwonea kidogo, ila sawa.

Afu kwenye dua za kumimina maji kuna sehemu wanatajwa ambao ni ndugu, wasio ndugu, na waliokuwa ndugu kwenye maisha mengine huko nyuma, wote wanaombewa washibe, na wao wanamiminiwa maji yao.